Madodoso yanafanana mno, na aliyeyajaza ni shoga yangu

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Dar es Salaam, kazi yangu ni kuchambua data kwenye shirika ambalo naomba nisilitaje. Shida yangu haihusu mume wala mchumba, na nilisita kuandika nikihofia wasomaji wako wataiona ya ajabu. Lakini inaninyima usingizi, na sina wa kumweleza, maana wote ambao wangeielewa wamo ndani yake.

Tuna kikundi cha kusoma. Hakina jina, hakina usajili, hakina mwenyekiti. Jumamosi moja tunakutana, inayofuata tunapumzika. Tunakaa ghorofani kwenye mgahawa mmoja wa Sinza, watu saba wanane, tunasoma tafiti za sayansi ya siasa, zile za takwimu. Wamo walimu wa chuo, watu wa mashirika, mwandishi wa habari mmoja, na kaka mmoja anayeuza vifaa vya umeme Kariakoo ambaye alisoma siasa chuoni na mapenzi hayajamtoka. Kila mtu anakuja na makala yake aliyoichapa, imechorwachorwa kalamu. Siku ya makala ya Daniel Posner ya 2004, ile inayouliza kwa nini Wachewa na Watumbuka ni mahasimu wa kisiasa Malawi lakini wanashikana mkono Zambia, tulibishana mpaka mhudumu akatuzimia feni ili tuondoke. (Posner anasema siri ni idadi: Malawi kila kundi ni kubwa vya kutosha kumbeba mwanasiasa, Zambia yote mawili ni madogo.) Siku nyingine tulisoma ile ya barabara za Kenya, ya Robin Burgess na wenzake ya 2015, kwamba wilaya za kabila la rais zilikuwa zikipata fedha za barabara mara mbili, na upendeleo huo ukatoweka nyakati za demokrasia. Mkenya wetu alikataa katakata hilo neno "ukatoweka".

Aliyekianzisha kikundi nitamwita Dokta. Rigresheni ninayoijua leo, ile hesabu ya kupima jambo moja linavyokwenda na jingine, inayonipa ugali, amenifundisha yeye, bure, juu ya meza ya vikombe vya chai. Na mwaka huu ndiye anayeniandikia barua ya kunipendekeza kwa ufadhili wa shahada ya uzamivu. Mwisho wa kuituma ni mwisho wa mwezi ujao.

Miezi michache iliyopita Dokta alituletea kazi yake mwenyewe, makala ambayo tayari iko kwa wahakiki wa jarida moja la nje. Inahusu vijiji: kwamba pale mapato na matumizi yanaposomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wanakuwa wepesi zaidi kuchangia madarasa na kumhoji mwenyekiti wao. Akatupa na faili la data. Akasema, "Lichambueni, mnioneshe nilipoteleza."

Kabla ya hapo tulikuwa tumesoma makala ya Noble Kuriakose na Michael Robbins ya 2016 kuhusu kugundua data za kupikwa. Njia yao ni nyepesi. Unalilinganisha kila dodoso na mengine yote, unahesabu majibu yanayofanana. Mawili yakifanana kwa zaidi ya asilimia 85 unaanza kuyatilia shaka, kwa sababu mdadisi anayetaka kumaliza haraka hunakili dodoso lililokwisha kujazwa, akabadilisha majibu mawili matatu. Kwa mazoezi tu, nikaendesha hesabu hiyo kwenye data ya Dokta. Wadadisi wengine wako sawa. Mmoja, aliyeandikwa kwa namba 07, ana rundo la madodoso yaliyovuka kipimo, mengine hadi asilimia 94. Nilipoyaondoa yote ya 07 na kurudia rigresheni, nyota zote za jedwali kuu zikafutika, zile alama za kuonesha kwamba matokeo hayakuja kwa bahati tu.

Mshauri, 07 ni shoga yangu. Ninajua kwa sababu ni yeye peke yake aliyepelekwa wilaya ile. Tuko pamoja tangu kidato cha kwanza. Kazi ile nilimwombea mimi kwa Dokta, na sasa na yeye huja Jumamosi, anakaa kiti cha pembeni yangu.

Na kuna jambo ambalo halimo kwenye faili. Wakati wa kazi ile mama yake alilazwa hapa Dar. Jioni moja nilimpigia kumpa pole, akaniambia yuko kijijini. Lakini nyuma ya sauti yake nilimsikia konda akiita, "Mbagala Rangi Tatu! Mbagala!" Sikuuliza. Nilijua anaihitaji ile hela, maana wanalipwa kwa idadi ya madodoso.

Kikundini tulishasoma pia kisa cha Michael LaCour, yule mwanafunzi wa Marekani aliyechapisha kwenye jarida la Science mwaka 2014 utafiti wa kampeni za nyumba kwa nyumba kuhusu ndoa za jinsia moja, kisha ikabainika mwaka uliofuata kwamba data hazikuwa za kweli. Wote tulimlaani. Shoga yangu alilaani kuliko sote.

Nimwambie nani kwanza? Shoga? Dokta? Nilitoe kikundini kama tulivyokubaliana kutoa kila kitu? Au nisubiri kwanza barua yangu itumwe? Au ninyamaze tu, kwa kuwa kazi si yangu na hakuna aliyenituma?

Ndimi, Msomaji wa Sinza

JIBU

Marahaba mwanangu. Toa wasiwasi kuhusu wasomaji. Barua za mume na mchumba ninazo nyingi, na nyingi kati ya hizo zina kiini hiki hiki: mtu amejua jambo kuhusu mtu anayempenda, na hajui analijua kwa kiasi gani.

Nikikusoma vizuri, hofu yako ni hii. Unaamini shoga yako alipika madodoso. Unaamini makala ya mwalimu wako imesimama juu ya madodoso hayo. Ukisema, unaweza kumpoteza mmoja au wote, na shule juu. Usiposema, utaendelea kupanda ngazi za mgahawa ule kila Jumamosi ukiwa na mzigo. Na ni wewe uliyemwombea shoga kazi, jambo uliloliandika kwa mstari mmoja ukalipita mbio. Nadhani si dogo kwako.

Kabla ya kuuliza umwambie nani, tukae kidogo kwenye hilo la kwanza: umegundua nini hasa?

Mimi si mtu wa takwimu, lakini hiyo makala ya Kuriakose na Robbins nimeisoma, pamoja na majibu iliyopata. Mwaka ule ule wa 2016 watafiti wa Pew Research Center ya Washington waliijibu kwa kirefu. Hawakusema madodoso hayapikwi. Walisema kipimo cha asilimia 85 hakiwezi kuwa kimoja kwa kila utafiti: wahojiwa wakiwa wengi, maswali yakiwa machache, majibu ya kuchagua yakiwa mawili matatu, na watu wenyewe wakiwa na maisha ya namna moja, mifanano mikubwa huja yenyewe bila mtu kunakili chochote. Sasa fikiria dodoso la Dokta. Je, mkutano mkuu ulifanyika? Ndiyo, hapana. Mapato na matumizi yalisomwa? Ndiyo, hapana. Ulichangia darasa? Ndiyo, hapana. Ukiuliza hivyo kwenye kitongoji kimoja ambacho wote walihudhuria mkutano ule ule, au wote hawakuhudhuria, utapata nini? Ongeza na hofu. Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni ambao wamefanya kazi hii Afrika tangu 1999, humuuliza mhojiwa mwishoni anadhani nani amemtuma mdadisi, na wengi husema serikali. Mwanakijiji anayeamini anahojiwa na serikali kuhusu mwenyekiti wake anajua jibu la salama ni lipi, na jirani yake analijua pia. Tena tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, ambao vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa, vijiji ambavyo watu hujibu kwa sauti moja kuhusu uongozi si vya kutafuta kwa tochi.

Umesema wadadisi wengine wako sawa, ni 07 tu. Hapo ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili. Umemtambua 07 kwa sababu ni yeye peke yake aliyepelekwa wilaya ile. Basi, mwanangu, sababu hiyo hiyo inakuzuia kujua kama unachokiona ni tabia ya mdadisi au tabia ya wilaya. Hakuna mdadisi mwingine pale wa kumlinganisha naye. Na nyota pia: ulipoondoa madodoso ya 07 uliondoa wilaya nzima, na ukipunguza data kiasi hicho nyota zinaweza kufutika hata kama kila dodoso lilijazwa kwa uaminifu. Je, ukubwa wa athari yenyewe ulishuka, au ulibaki palepale ila uhakika ukapungua? Hukuniambia, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Simtetei shoga yako. Asilimia 94 ni nyingi, nami ingenishtua.

Nilimuuliza mama mmoja aliyesimamia wadadisi kwa miaka mingi, bila kumwambia habari zako, mtu hufanyaje akiona kitu kama hiki. Akajibu kwa swali: "Ana faili ghafi?" Faili mlilopewa huenda limeshasafishwa. Kwenye vishikwambi kila dodoso huwa na saa lilipoanza na lilipoisha, na mara nyingi mahali kwa GPS. Dodoso la dakika arobaini lililojazwa kwa dakika nne linasema lenyewe. Ila akanionya, na nakupa onyo lake zima. Kuna vijiji ambavyo chaji huisha saa sita mchana. Mdadisi anaendelea kwa karatasi, usiku anarudi gesti, anaingiza yote kwa mkupuo kitandani. Saa na GPS zitakuonesha watu ishirini waliohojiwa ndani ya chumba kimoja kuanzia saa tatu usiku, na wote walihojiwa kweli. Njia ya uhakika zaidi, alisema, ni kurudi kwenye kaya chache na kuuliza tu: kuna mtu alikuja hapa? Hilo wewe huliwezi. Mwenye utafiti analiweza.

Sasa tumfikie konda wa Mbagala.

Nahisi kama usingemsikia yule konda, ungeliona jedwali lako, ukasema "ajabu hii", ukaliweka mezani Jumamosi na watu wakalichambua. Kilichokupa uhakika ni ile simu, na simu hiyo hukuipata kama msomaji wa kikundi. Uliipata kama shoga, ukimpa pole mtu ambaye mama yake yuko wodini. Nakuuliza, na usinijibu haraka: ilikuwa tarehe ngapi? Ni siku ambayo faili linasema alikuwa anahoji, au ni siku ya mapumziko aliyokuja kumwona mama akaona aibu kukuambia ameacha kazi uliyomwombea? Rekodi ya simu yako huenda bado inayo tarehe. Na hata ikigongana na tarehe ya madodoso, bado una uamuzi ambao hesabu haikusaidii: je, simu ile ni ushahidi wa kupeleka kwa Dokta, au ni ya kwenu wawili? Jedwali ni la kila aliyepewa faili. Simu ni yako. Unaweza kupeleka moja bila nyingine, na watu waungwana wangegawanyika hapo.

Ukianza na shoga, faida ni kwamba atalisikia kwa mtu anayempenda, na kama ni kweli atapata nafasi ya kwenda kwa Dokta kwa miguu yake mwenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya kuungama na kukamatwa, hasa mjini hapa ambapo kazi za fildi hupatikana kwa kujuana. Hatari yake ni mbili. Anaweza kukana, na urafiki wenu ukaanza kutembea kwa kuchechemea hata kama hana kosa, maana amejua ulimpekua. Au anaweza kukiri kisha akakuomba ufunge mdomo. Leo una shaka tu. Siku hiyo utakuwa unajua, na kunyamaza kwa anayejua ni kitu kingine. Ukienda kwake, nakusihi uende na swali kuliko na karatasi. "Ile wilaya ilikuwaje? Mlifanyaje chaji ikiisha? Na mama alipolazwa ulimudu vipi?" Huenda hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo la mwisho.

Ukianza na Dokta, unaweza kumwomba faili ghafi ukamwambia 07 imekushtua. Lakini usijidanganye kwamba namba ni pazia, atajua ni nani kabla hujamaliza sentensi. Umeandika kana kwamba hasira yake ni jambo la hakika, nami sijaona kwenye barua yako sababu ya kuamini hivyo. Huyu ni mtu aliyewafundisha kunusa data za kupikwa, kisha akawapa data yake, akasema mmuoneshe alipoteleza. Labda alimaanisha. Labda pia ni maneno ya ukarimu ambayo mtu husema akiamini hakuna kitakachoonekana. Wewe umekaa naye meza moja muda mrefu, mimi sijakaa. Alipokea vipi siku mtu alipomkosoa jambo dogo?

Hofu yangu kwa Dokta ni nyingine. Ni rahisi sana kwa mwenye utafiti kusema "mdadisi aliniangusha", akafuta madodoso, akaendelea na maisha. Lakini nani alipeleka mtu mmoja wilaya nzima bila wa kumhakiki? Nani aliamua malipo yawe kwa idadi ya madodoso? Mama wa mdadisi akilazwa, kulikuwa na utaratibu gani wa mtu wa kumshikia zamu? Mkimhukumu huyu kama mlivyomlaani LaCour, mkumbuke yule alikuwa mwandishi wa kwanza wa makala, jina lake juu, sifa na ajira vikimsubiri. Jina la mdadisi halichapwi popote. Hata wewe hapa umelisoma kama 07.

Kisa hicho cha LaCour kina jambo jingine ambalo sijui kama mlilizungumza. David Broockman na Joshua Kalla walikuwa wanajaribu kufanya utafiti kama ule, wakaona mambo hayaendani. Wakaiuliza kampuni iliyodaiwa kukusanya maoni, ikawa haiujui mradi huo. Na kabla ya kuutangazia ulimwengu walikwenda kwa Donald Green, profesa aliyekuwa mwandishi mwenza. Green alipoona ushahidi, mwenyewe aliomba makala iondolewe, na Science wakaiondoa Mei 2015. Mwaka uliofuata Broockman na Kalla walichapisha kwenye jarida hilo hilo utafiti wao, huo wa kweli, uliofanyika Miami, ukionesha kwamba mazungumzo ya nyumba kwa nyumba yanaweza kweli kupunguza chuki, safari hii dhidi ya watu waliobadili jinsia. Huwezi kujua: huenda na hoja ya Dokta kuhusu kusoma mapato na matumizi ni sahihi hata kama data ya wilaya moja haifai.

Kulitoa kikundini moja kwa moja, naona ndiyo njia yenye makali zaidi. Mmekubaliana kutoa kila kitu, sawa, lakini mlikubaliana kuhusu makala za watu wa mbali. Posner hakuwa amekaa pale anakunywa chai. Mtu akisikia jambo hili kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake saba atajitetea kwanza, atafikiri baadaye. Wapo watakaokuambia kwamba faragha ndiyo inayozaa kufichiana, na hawana upungufu wa mifano.

Kunyamaza nako ni njia, sitakusimanga kwa kuifikiria. Ila ipime ilivyo. Majarida mengi makubwa ya fani yenu sasa hudai data iwekwe wazi, na American Journal of Political Science limekuwa likitaka hata hesabu zirudiwe na mtu wa tatu kabla ya kuchapa. Kama makala itatoka, siku moja mwanafunzi wa mji usioujua ataendesha hesabu hiyo hiyo uliyoendesha wewe, naye hatakuwa na mapenzi na Dokta wala na 07.

Na kuhusu barua yako ya ufadhili. Umeuliza kama usubiri itumwe kwanza, na nadhani uliona haya kuuliza. Usione. Mtoto wa watu anayepigania shule ana haki ya kuitazama shule yake. Ukisubiri, hatari ni kwamba siku Dokta akijua tarehe uliyoliona jedwali, atahesabu mwenyewe na atakumbuka alichokuwa anakuandikia siku hizo. Pia makala inaweza kukubaliwa katika wiki hizo hizo, na kuirudisha baada ya hapo ni fedheha ambayo leo, ikiwa bado kwa wahakiki, anaweza kuikwepa kwa barua pepe moja. Usiposubiri, unaweza kukosa barua, au ukaipata ikiwa baridi. Uliza kimya kimya kama wafadhili hao wanakubali mpendekezaji mwingine, msimamizi wako wa kazini kwa mfano. Hilo halimhusu shoga wala Dokta, unaweza kulifanya Jumatatu, na ukishalijua utaona kama bado unaogopa kitu kile kile.